Kasia Kati ya Vitanda Viwili

Kila mwaka, nikifika kwenye somo la mawimbi, naanza na bidoni, dumu la plastiki la kuchotea maji. Nachagua asubuhi isiyo na upepo, nawapeleka wanafunzi wangu wa darasa la nne la sekondari hadi ufukweni, na kumwomba mrefu kuliko wote arushe bidoni tupu la njano majini. Halafu tunalitazama. Wimbi linakuja, bidoni linapanda; wimbi linapita, bidoni linashuka. Wanafunzi wanasubiri liletwe nchi kavu, maana tangu wazaliwe wameona mawimbi ya ziwa yakija upande wetu. Haliji. Linapanda na kushuka palepale, na wimbi lenyewe limeshatulowesha viatu. Ndipo ninapowaambia kwamba maji hayasafiri. Kinachosafiri ni msukosuko. Kila tone linamsukuma jirani yake na kubaki nyumbani kwake. Wananiangalia kama mtu anayetaka kuwauzia samaki wa jana.

Tukirudi darasani nachukua diapazo. Ni chuma chenye umbo la uma wa meno mawili na mpini mfupi, na ndicho kifaa pekee cha sauti ambacho shule yetu inacho. Naificha kabatini chini ya vitambaa vya kufutia ubao, kwa sababu vitu vya shule vina miguu. Ukiigonga gotini inalia kwa sauti nyembamba. Ukisimamisha mpini wake juu ya meza, meza nzima inalia pamoja nayo. Hapo nawaeleza kwamba sauti haiwezi kwenda popote bila mwili wa kupitia: hewa, maji, mbao, chuma, mfupa. Pasipo na kitu, sauti haina njia. Mwanga ni tofauti. Mwanga unatoka kwenye jua, unavuka utupu mkubwa usio na chochote, unafika Uvira na kukausha ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juu ya mchanga. Mawimbi ya redio na ya simu ni ndugu zake, nayo hayahitaji hewa.

Mwaka mmoja msichana wa dawati la mwisho aliuliza kama jua linapiga kelele. Nikamjibu kwamba huenda linaunguruma kwa kutisha, ila kati yetu na jua hakuna cha kubeba kelele hizo, tunabaki na mwanga wake tu.

"Basi madamu," akasema, "ni kama tunaona tu kinywa yake iko nacheza."

Darasa zima likacheka. Nilikuwa wa mwisho kucheka, kwa sababu sikumsikia. Nilikuwa nimesoma midomo yake, na wala sikujua kwamba hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya.

Sikio halizimiki kama taa. Langu lilianza kufifia nilipomzaa binti yangu wa kwanza, polepole kiasi kwamba kila nilichopoteza nilikisahau kabla sijakikosa. Niliwalaumu watu wengine. Niliona kizazi hiki hakijui kufungua kinywa, wanafunzi wananong'ona, mume wangu anameza maneno. Mwaka juzi nilipopata mtoto wa pili, wa kiume, masikio yalishuka ghafla. Hata hapo bado nilikuwa na ushahidi kwamba sina tatizo. Ushahidi wangu ulikuwa mashine ya kusagia ya Rugenge.

Pale kwenye mashine, ambapo mihogo inasagwa tangu asubuhi na watu wanatoka weupe kama wamepakwa unga wa sherehe, mimi nilikuwa nasikia kuliko wote. Wanawake wengine walikuwa wanashika masikio na kuulizana, "Unasema nini?" Mimi nilikuwa napata habari zote: nani amehama, nani ameachika, nani anajifanya mgonjwa ili asiende kwaya. Nikirudi nyumbani Kilibula, penye utulivu, dunia inakuwa kimya. Nilifikiri ni utulivu wa kawaida wa nyumba yenye mtoto mchanga.

Mtu aliyeona kasoro hiyo kabla yangu ni mama mkwe wangu, na aliielewa vibaya. Alikuja kutoka Makobola mtoto alipozaliwa, aje amwogeshe mjukuu wake na kunipikia uji, kama inavyotakiwa. Ni mjane wa mvuvi, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono isiyotulia. Hasemi kwa sauti kubwa na hapendi kurudia jambo. Kwao mtu akiitwa mara moja anaitika, na asipoitika amekusudia. Mume wangu anafanya kazi Baraka, kwenye mitambo ya maji, na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Basi tulikuwa sisi wawili mchana kutwa, yeye akiniita kwa adabu yake ya chini chini, mimi nikiendelea kupepeta unga nimempa mgongo.

Siku moja tulikwenda Rugenge pamoja. Pale, katikati ya kelele, jirani alinitania kutoka mbali na mimi nikamjibu papo hapo. Mama mkwe alisimama na beseni lake kichwani, akaniangalia kwa muda mrefu. Tulipofika nyumbani alilitua beseni, akasimama mbele yangu, na kwa kuwa nilikuwa namwangalia usoni nikayapata yote.

"Weye ku mashini unasikia muzuri. Ku nyumba hausikii. Ile masikio unachagua nani wa kusikia?"

"Mama, nilikuwa sijasikia kama unaniita," nikasema.

"Unaona? Hata sasa unanijibia ndani ya tumbo. Minye siko muntu?"

Nilikasirika sana. Mimi nina hasira za karibu, mume wangu anasema zinakaa kibarazani. Nilijua kwamba nimesema kwa sauti, karibu kupiga kelele, sasa huyu mama anasema nimenung'unika! Niliingia ndani nikaanza kupanga vyombo kwa kuvigonganisha, na kwa kuwa sikuvisikia, nadhani niligonganisha vingi mno.

Leo naweza kueleza yote kama napanga hesabu ubaoni. Mngurumo wa mashine haukuwa unaingia masikioni mwangu, lakini ulikuwa unawalazimisha wengine wote kupaza sauti. Hivyo nilikuwa napata maneno yaliyopazwa bila ile kelele iliyoyapaza. Nyumbani hakuna aliyepaza chochote. Na sauti yangu mwenyewe ilikuwa inasafiri ndani ya mifupa ya kichwa changu na kunijaa, nikadhani napiga kelele, kumbe nanong'ona. Kila kitu alichokiona mama mkwe kilikuwa kweli. Sababu tu ndiyo hakuwa nayo, na mimi pia sikuwa nayo.

Mtoto alipotimiza miezi mitatu nikarudi kufundisha. Alasiri moja nilikuwa nyumbani, nimekaa mezani nasahihisha madaftari. Mtoto alikuwa amelala kwenye kitanda chake kidogo cha mbao nyuma yangu, hatua nne, na mlango wa chumba ulikuwa wazi. Niliuacha wazi ili nimsikie. Mama mkwe alikuwa ametoka kutafuta sombe, majani ya muhogo ya kupika. Nakumbuka nilivyofurahi kwamba leo mtoto analala vizuri, na nakumbuka hata daftari nililokuwa nalo mkononi, la mtoto wa watu aliyeandika kwamba mwanga unachoka ukifika mbali.

Kivuli kikaangukia meza. Niliinua macho nikamwona mama mkwe amesimama mbele yangu, sombe zimetapakaa mlangoni, mtoto yuko mikononi mwake. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba, umelowa, umebadilika rangi. Kinywa chake kilikuwa wazi na mwili wote ulikuwa unatetemeka, lakini nilichoona ni kinywa tu kikicheza. Nyuma yao jirani yetu alikuwa amefika mlangoni, mikono kichwani. Wote wawili walikuwa wamemsikia kutoka barabarani.

Sijapata kuona aibu kama ile. Nilinyoosha mikono nimchukue, na mama mkwe akarudi nyuma hatua moja. Hatua hiyo ilinichoma kuliko maneno yote aliyowahi kuniambia.

"Huyu mutoto nitaenda naye Makobola," akasema, polepole, ili nione kila neno. "Mama yake mudogo kule iko nanyonyesha. Hapa atakufa na mama yake iko naangalia madaftari."

Nilimpigia mume wangu. Simu nayo ilikuwa imeshaanza kunishinda. Nilikuwa naibana sikioni mpaka ngozi inaniuma, na kuambulia sauti ya nyuki. Nilikaa na simu ile nikafikiria somo langu mwenyewe. Sauti ya mume wangu imetoka Baraka, imegeuzwa wimbi lisilohitaji hata hewa, imevuka vilima vyote vya Fizi, imefika Kilibula salama mkononi mwangu. Halafu imeshindwa kuvuka nafasi isiyozidi punje ya mchele, ndani ya sikio langu. Niliikata nikamwandikia ujumbe. Akajibu kwa ujumbe vilevile: mama anajua kulea, tumwachie mtoto miezi michache, nawe upate kutibiwa. Huo niliusoma vizuri, macho yangu hayana ugonjwa. Niliusoma mara nyingi nikitafuta mahali aliponitetea, na sikupaona. Safari ya Makobola ikapangwa Jumamosi.

Kesho yake, baada ya vipindi, nilibaki peke yangu darasani. Sikuwa na mpango wowote. Nilitoa diapazo kabatini kwa sababu nilitaka kujua ukweli, na hicho ndicho kitu pekee kisichoweza kunihurumia. Niliigonga gotini, nikaileta karibu na sikio. Meno yake yalikuwa yanatetemeka, niliyaona yamekuwa ukungu. Sikusikia kitu. Sikio la pili, hakuna kitu. Basi imekwisha, nikajiambia. Nilikaa juu ya dawati la mbele na chuma changu, na kwa mazoea tu, kama ninavyofanya na meza mbele ya wanafunzi, nikausimamisha mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio.

Kichwa changu kikajaa sauti. Ilikuwa ileile, nyembamba na safi, ninayoifahamu tangu nilipokuwa mwanafunzi, na haikuwa mbali, ilikuwa katikati yangu. Nikaigonga tena nikaiweka kwenye paji la uso. Ikalia. Nikaiuma kwa meno ya mbele. Ikalia mpaka machozi yakanitoka. Nililia kwa nguvu, na kilio changu mwenyewe nilikisikia vizuri kabisa.

Daktari niliyemwona siku iliyofuata alinithibitishia nilichokuwa nimeshakijua kwa diapazo. Alinichorea kwenye karatasi: ngozi ya sikio, vifupa vitatu vinavyopokezana mtetemo, na kile cha mwisho, kidogo kuliko vyote mwilini, kimeganda mahali pake. Ndani zaidi, mahali sauti inaposikika hasa, pako hai. Alisema kwa baadhi ya wanawake ugonjwa huu unakimbia zaidi na kila mimba. Upasuaji upo, ila si hapa kwetu, akaniandikia barua ya kuipeleka mbali. Barua hiyo bado ninayo ndani ya Biblia, inasubiri zamu yake. Siku ile sikuwa na haja na miezi ijayo. Nilikuwa na haja na Jumamosi.

Jioni nilimkalisha mama mkwe chini, kukiwa bado na mwanga, kwa maana umeme ukikatika nilikuwa nakosa hata midomo ya watu. Nikamweleza vifupa vitatu. Nikamweleza hewa na mfupa. Nikatoa diapazo, niliyokuwa nimeitoroshea nyumbani, nikaigonga na kumwekea nyuma ya sikio. Aliruka.

"Toa hiyo kitu!"

"Mama, minye nasikia kwa mufupa. Masikio haikukufa."

"Minye sikusoma," akasema, akijifuta pale mahali kwa ncha ya kitenge. "Lakini mutoto hana chuma. Yeye iko nalia mu hewa, kama watoto wote."

Kwa kweli alikuwa amesema jambo ambalo mwanafunzi wangu yeyote angepata nalo alama zote.

Jumamosi ikafika. Mfuko wa mtoto ulikuwa tayari mlangoni: nguo zake, kofia mbili, mafuta ya kumpaka. Binti yangu mkubwa alikuwa amekwenda kwa shangazi yake ili asione. Gari la Makobola lilikuwa linapita saa nne. Nilimwomba mama mkwe aniachie nimbebe mpaka gari lifike, akakubali kwa kichwa. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge changu cha zamani, kile kilicholainika, nikampandisha juu kidogo, akalaza shavu lake kwenye mfupa wa bega langu. Nikatoka uani kuosha masufuria, maana sikutaka kulia mbele ya mtu. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda nyuma yangu. Nilikuwa nimempa mgongo, yaani nilikuwa nimempa mtoto amtazame.

Nikiwa nasugua sufuria nilisikia kitu. Kwanza nilidhani ni sufuria. Niliacha kusugua, kikaendelea. Ilikuwa pumzi ya mtoto. Ilikuwa inaingia ikikwaruza, ikikatikakatika, kama anavyofanya kabla ya kulia, na ilikuwa inapanda kutoka mgongoni mwangu kwenda shingoni, kwenda kichwani. Ndani yake kulikuwa na mguno mdogo sana. Tangu azaliwe sikuwahi kuusikia mguno ule, kwa sababu watu wengine walikuwa wamembeba muda mwingi, na nilipombeba mimi nilikuwa mitaani au sokoni, akili yangu iko kwingine. Nilishika ukingo wa beseni kwa mikono yote miwili.

"Anataka kulia," nikasema, nikaanza kumbembeleza kwa kuyumba.

Mama mkwe akanyanyuka akazunguka mpaka mbele yangu. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umejua namna gani? Bado hajalia."

Na mtoto akalia. Nilimsikia. Kilio chake kilikuja kizito, kimefunikwa, kama mtu anayeita ndani ya nyumba iliyofungwa, lakini kilikuwa kilio cha mwanangu na nilimsikia.

Mama mkwe si mtu wa kuamini haraka. Alimfungua mtoto mgongoni, akanigeuza kwa mabega nitazame ukuta, akarudi nyuma naye. Kimya. Nilisema sisikii. Akamrudisha mgongoni, akakifunga kitenge kwa mikono yake mwenyewe. "Sasa analia," nikasema. Akamtoa tena. Kimya. Akamrudisha. "Amenyamaza. Sasa ana kwikwi." Mtoto alichoshwa na majaribio yetu na akatusaidia kwa kulia kila alipohitajika. Mara ya tatu mama mkwe alimwacha mgongoni kwangu, akaenda kukaa kwenye kigoda chake, mikono imetulia magotini. Sikuwahi kuiona mikono ile imetulia.

"Bwana yangu alikuwa naye anafanya vile," akasema.

Nilisogea karibu ili nione maneno vizuri. Akanisimulia juu ya baba mkwe, ambaye sikumkuta. Ziwani, akitaka kujua kama kuna mtumbwi wenye injini unakuja, alikuwa anazamisha bapa la kasia majini, anaegemeza ncha ya mpini wake kwenye taya, na kufumba macho. Alijua injini iko upande gani kabla wenzake hawajasikia kitu chochote hewani. Wenzake walimcheka. Mke wake pia alimcheka, miaka yote.

"Alikuwa anasema, maji iko nasema na mufupa. Minye nilifikiri ni mambo ya pombe."

Somo lote lilinijia mdomoni: kwamba katika maji sauti inakimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani, na katika ubao, ukifuata nyuzi za mti, inakimbia zaidi tena. Nililimeza. Mara mojamoja nami najua kunyamaza.

Gari lilipiga honi. Nilijua kwa sababu aligeuza kichwa. Alinyanyuka, akachukua mfuko wake. Mfuko wa mtoto aliuacha pale mlangoni. Alifika barabarani, akakumbuka, akarudi hadi mbele ya macho yangu ili aseme.

"Siku ine. Mutoto asishuke mu mugongo mupaka nirudi."

Kwa siku nne mtoto hakushuka, ila kunyonya, kuoga, na kulala ubavuni mwangu. Nilipika naye, nilifagia naye, niliandika ubaoni naye. Mkuu wa shule alisimama dirishani akaniangalia, nikamwangalia na mimi, akaendelea na safari yake. Wanafunzi walipata somo la mtetemo ambalo halimo kitabuni: nilikuwa nawaambia mtoto anataka kufanya nini kabla hajafanya, na wao wanahesabu kama nimepatia. Mgongo uliniuma sana, na sitasema uongo, ndizo siku nne nilizofurahi kuliko zote tangu nimzae.

Siku ya nne mama mkwe alirudi na kasia juu ya gari, limefungwa pamoja na mabunda ya muhogo. Lilikuwa refu kunizidi, jeusi kwa kushikwashikwa, na mpini wake ulikuwa na shimo dogo laini karibu na ncha. Ni mahali taya la baba mkwe lilipokuwa linakaa. Hakuna aliyenieleza, nililitia kidole nikajua.

Hakupumzika wala kunywa maji. Alipima kitanda cha mtoto kwa viganja, akaliingiza bapa la kasia chini ya godoro lake dogo, juu ya mbao, akalikaza kwa kitambaa lisicheze. Mpini akaupitisha juu ya mgongo wa kiti, ukafika kwenye kitanda changu, mahali ambapo tangu siku ile ningekaa kusahihisha. Kisha akamlaza mtoto na kunionyesha nikae. Niliegemeza taya langu kwenye lile shimo. Lilinitosha.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu kukaja mateke: du, du, kisigino cha mtoto juu ya godoro. Halafu kitanda kikalia kidogo alipogeuka. Halafu, nyuma ya vyote, nyembamba kama ya diapazo lakini yenye hasira za familia yangu, sauti yake akidai kwamba ameachwa peke yake. Nilinyanyua mkono juu, kama mwanafunzi anayejua jibu, kabla mama mkwe hajaniuliza.

Tumeishi hivyo tangu siku ile. Nikisahihisha, taya liko kwenye kasia. Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi alijikwaa nalo, akafungua kinywa aulize, mama yake akamwambia jambo fulani fupi ambalo sikuliona, na yeye akakifunga. Aliniomba radhi uani, akinitazama usoni, neno moja moja. Nilimsamehe baada ya siku mbili, maana hasira zangu zinakaa kibarazani lakini nazo zina kiti chao.

Mama mkwe alipojiandaa kurudi kwake Makobola, safari hii kwa heri, alinikuta alasiri nimekaa mahali pangu. Mtoto alikuwa amechukuliwa na dada yake nje, kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimesahau kuondoa taya, nimefumba macho kwa uchovu. Nikahisi kasia limelemewa kidogo upande wa pili.

Ikaja sauti ya mwanamke. Sikuifahamu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyomdhania, yenye mkwaruzo mwishoni mwa kila neno, ya mtu aliyeimba sana ujanani. Miezi yote ile nilikuwa nimeishi na midomo yake, na sauti yake sikuwa nayo.

"Minye nilikuwa nafikiri unanizarau," ikasema.

Nilifumbua macho. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mjukuu wake, ameinua godoro dogo na kubana kidevu chake juu ya bapa la kasia la mume wake, na hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama sakafu, anasubiri. Masikio yake hayakuwa na shida yoyote, ningeweza kumjibu hewani. Nilikaza kidevu changu kwenye ubao.

"Hapana, mama," nikamwambia kwa njia hiyohiyo. "Nilikuwa sikusikii tu."